Mchanga ndio uliokata: maswali yenu kuhusu vyombo vya mawe vya Wasumeri

Toleo lililopita tulichapa picha ya chombo cha Uruk, mji wa Wasumeri, watu wa kale wa kusini mwa Iraki. Ni kile kirefu cha alabasta chenye nakshi za safu kwa safu kutoka kitakoni hadi mdomoni. Barua zimekuja kutoka Kisumu, Tabaka, Njoro na Kakamega. Tumetanguliza zile zinazouliza habari za jiwe lenyewe na kazi ya mkono. Wengi huitazama nakshi ya nje wakasahau kwamba kabla ya nakshi kuna mtu aliyetoa shimo ndani ya jiwe zima bila kulipasua.

Picha ya chombo cha Uruk inasomwa kuanzia wapi? Wanafunzi wangu wa kidato cha pili wanabishana. Pia, ni alabasta au ni marumaru? (Mwalimu wa historia, Kisumu)

Mwalimu, waambie waanze chini. Safu ya chini kabisa ni mistari ya mawimbi, yaani maji. Juu yake imeota mimea, juu ya mimea wanatembea kondoo, madume kwa majike, wakifuatana. Halafu inakuja safu ya wanaume walio uchi, kila mmoja amebeba kikapu au chombo kilichojaa. Safu ya juu ndiyo pana kuliko zote: mwanamke amesimama mbele ya nguzo mbili za matete yaliyofungwa na kupindwa kichwani. Nguzo hizo ni alama ya Inanna, mungu wa kike wa Uruk. Mbele yake analetewa kikapu. Mtawala aliyekuwa nyuma ya mleta kikapu amevunjika, amebaki sehemu ndogo tu na mtumishi anayemshikia mshipi.

Sasa waoneshe wanafunzi kitu ambacho wengi hukipita. Nyuma ya zile nguzo mchongaji ameonesha ghala la hekalu, na kati ya mali iliyomo kuna vyombo viwili virefu vilivyosimama pamoja, vyenye umbo lile lile la chombo chenyewe. Kwa hiyo kazi yake kimejieleza: ni mali ya hekalu, na vilitolewa viwili viwili. Wachimbaji walikuta pia kipande cha mwenzake.

Kimo chake kinazidi mita 1 kidogo, na umri wake ni wa kati ya 3200 na 3000 KK. Wajerumani walikifukua katika msimu wa uchimbaji wa 1933/34, katika eneo takatifu la Eanna, mahali panapoitwa Warka leo, kusini mwa Iraki. Ukingo wake ulikuwa umeshakarabatiwa tangu zama hizo hizo za kale. Hawakukitupa kilipovunjika, na hilo linaonesha walivyokithamini.

Marumaru siyo. Ila hata jina alabasta lina mtego, maana linafunika mawe mawili tofauti. Moja ni jasi, ugumu wake 2 katika kipimo cha Mohs, kipimo cha ugumu wa mawe cha 1 hadi 10, na ukucha wako unalikwaruza. La pili ni kalisaiti, ugumu wake 3, ukucha unateleza. Mnaweza kulijaribu jambo hili darasani bila maabara: tafuteni kipande cha jasi na kipande cha mawe ya chokaa ya Koru, kwaruzeni kila kimoja kwa msumari mpaka upatikane unga, halafu dondosheni ndimu juu ya unga. Chokaa, ambayo ni kalisaiti, itatoa povu. Jasi itakaa kimya. Msidondoshe juu ya jiwe zima lisilokwaruzwa, kwa sababu ndimu ni asidi dhaifu na povu linaweza kuwa dogo kiasi cha kutoonekana.

Mimi huchonga jiwe la Kisii. Bakuli pana nalifanya kwa panga na tindo, lakini chombo kirefu chenye shimo refu hunipasukia. Hawa Wasumeri hawakuwa na umeme wala chuma. Walitoboaje? (Mchongaji, Tabaka)

Ndugu, nusu ya jibu unayo mkononi. Kwa ulaini, jiwe lako linafanana na mawe mawili waliyoyapenda sana, steataiti na kloraiti. Hayo ni laini kiasi kwamba patasi ya shaba inayatosha, na ndani yake yalichokolewa tu. Shida ilianza walipotaka kalisaiti, chokaa ngumu, na zaidi ya hayo mawe meusi ya volkano. Hapo shaba peke yake hujikunja.

Walichofanya ni kuupa mchanga kazi ya kukata. Chukua bomba jembamba la shaba nyekundu, lisimamishe juu ya jiwe, weka mchanga chini ya mdomo wake, uzungushe. Chembe za mchanga ni kwatsi, ugumu wake 7. Zinajichomeka katika shaba kwa kuwa shaba ni laini, zinakaa pale kama meno, na zinalila jiwe. Bomba lingekuwa gumu kuliko jiwe na mchanga, chembe zingebingirika tu bila kushika. Ndiyo maana ulaini wa shaba, unaoonekana kama kasoro, ndio unaofanya kazi iende.

Bomba halisagi jiwe lote lililo chini yake. Linachimba mfereji wa duara, katikati unabaki mche wa jiwe. Mche unavunjwa kwa kabari, unatoka mzima, na hivyo fundi ameokoa kazi ya siku nyingi. Chombo chenye mdomo mwembamba na tumbo pana kilihitaji hatua nyingine: jiwe gumu lililochongwa kiuno katikati, kama namba 8, linashikwa kiunoni na panda ya mti. Linaingizwa likiwa wima, likifika chini linalazwa na kuzungushwa kwa mchanga, tumbo linapanuka huku mdomo ukibaki mdogo. Huko Ur, mji mwingine wa Wasumeri, zimefukuliwa ncha za mawe za kutobolea.

Ukitaka kujaribu kwa jiwe lako, hivi ndivyo tunavyoshauri. Chagua tofali la sentimita 15 kwa 15, kimo 20. Liloweshe lote kisha uliache upenuni likauke. Mahali penye ufa patakauka mwisho na kuonesha mstari mweusi, tofali hilo usilitoboe. Ligonge pia kwa kipini cha tindo: zima hulia, lenye ufa hutoa sauti iliyokufa.

Toa shimo kwanza, umbo la nje baadaye. Tunadhani hapa ndipo vyombo vyako vinapopasukia. Mchongaji akishapunguza nje, ukuta unabaki mwembamba na kila msukumo wa ndani unaupanua. Tofali likiwa bado nene, lenyewe ndilo linalojishikilia.

Nunua hadiwea kipande cha bomba la shaba la milimita 22, urefu sentimita 25, umwombe fundi wa jua kali akichanje mdomo mikato minne mifupi ili mchanga upate pa kushikia. Toboa ubao wa unene wa sentimita 3 tundu la kipimo hicho hicho, uufunge juu ya tofali kwa kamba ili bomba lisiegemee. Bila ubao huo bomba huyumba, shimo linakuwa faneli, na mche wa katikati unachongoka kama penseli, ukikatika katikati badala ya chini. Mchanga wa ziwani unafaa, uchekeche kwa chujio la chai. Kijiko kimoja kwa mara moja kinatosha.

Zungusha kwa upinde wa kamba ya katani, mwenzako akikandamiza juu kwa kifuu cha nazi au kibao chenye kishimo. Kila sentimita 1 simama, toa bomba, safisha. Kwa jiwe la Kisii hili ni la lazima, kwa sababu unga wake ukikutana na maji unakuwa uji mzito unaoziba bomba na kuzima meno ya mchanga. Ukisikia mlio umebadilika kutoka kukwaruza na kuwa kuteleza, ujue unasaga uji.

Tia tundu moja katikati na mengine 6 kulizunguka, ukiacha milimita 3 kati ya tundu na tundu ili bomba lisichepuke kwenda kwa jirani. Hayo matundu 7 yatakupa uwazi wa karibu sentimita 7. Funga utepe kwenye bomba kukuonesha mwisho wa kina, ukiacha sentimita 3 za kitako. Usipunguze hizo 3. Mche unapovunjwa, pigo linashuka chini, na kitako chembamba kinapasuka msalaba. Vunja kwa kabari ya mti mgumu iliyopachikwa mferejini, gonga taratibu upande mmoja tu. Baada ya hapo ondoa kuta ndogo zilizobaki kwa tindo, laini ndani kwa tupa ya mviringo, ndipo ugeukie nje.

Ukuta ukifikia sentimita 1.5, simama, kwa sababu nakshi inahitaji unene. Zungushia karatasi, chora safu zako juu yake, hamishia kwa mkaa. Kata mpaka wa kila umbo kwa kisu kilichoinamia nje, usichimbe chini ya umbo, maana mguu wa kondoo uliochimbwa chini utadondoka siku ya kupiga msasa. Kisha shusha uwanda wa nyuma milimita 3 hadi 4. Nta utaipaka jiwe likiwa limepashwa moto polepole juani. Jiwe lenye unyevu likiwekwa karibu na moto mkali hutoa mvuke ndani na kupasuka.

Na unga wake, ndugu, tunaomba sana uuogope. Baadhi ya mawe ya sabuni yana nyuzi za jamii ya asbesto, na mchanga wa kwatsi nao huharibu mapafu. Fanya kazi jiwe likiwa na unyevu, vaa barakoa ya vumbi iliyobana, na usifagie unga mkavu ndani ya kibanda wanamocheza watoto.

Nimesoma kwamba nchi ya Wasumeri ilikuwa udongo mtupu. Mawe waliyatoa wapi? (Mwanafunzi, Kakamega)

Umesoma sawa. Uwanda wa kusini mwa Mesopotamia ni tope lililoletwa na Tigri na Frati, ndiyo sababu nyumba na hata vitabu vyao vilikuwa vya udongo. Jasi na chokaa vilipatikana pembezoni mwa uwanda huo. Mawe mengine yalivuka milima na bahari.

Habari tamu kuliko zote ni ya kloraiti, jiwe la kijani lililoiva hadi kukaribia weusi. Huko Tepe Yahya, kusini mashariki mwa Irani, wachimbaji walikuta karakana zake pamoja na vyombo vilivyovunjika kabla havijakamilika. Vyombo vya mtindo huo huo vimepatikana kisiwani Tarut, Saudi Arabia, na katika miji ya Wasumeri. Kimoja cha Khafajah kimo British Museum, kidogo tu, kimo chake sentimita 11 na kitu. Mtu amekamata nyoka wawili, mikono yote miwili. Mahali pengine kwenye chombo hicho mtu amekaa pamoja na ng'ombe huku maji yakimtiririka mikononi. Watazame vizuri hao ng'ombe: wana nundu begani, kama hawa wetu wa kienyeji.

Vyombo vya kloraiti mara nyingi vina vishimo vya mviringo au vya umbo la kungu. Si mapambo yaliyokamilika. Vilijazwa kombe la chaza au vijiwe vya rangi vilivyogandishwa kwa lami, nayo lami ilichimbuka yenyewe katika nchi yao. Kuna kimoja cha steataiti, chenye kimo cha sentimita 23, cha Gudea, mtawala wa mji wa Lagash yapata 2120 KK, ambacho sasa kimo katika makumbusho ya Louvre, Paris. Nyoka wawili wamejisokota kuzunguka fimbo, majoka mawili yenye mabawa yamesimama pembeni, na miilini mwa majoka utaona vitundu ambamo vijiwe vimeshadondoka. Maandishi yake ya kikabari, yaani ya alama zenye umbo la kabari, yanasema Gudea alikitoa kwa mungu wake Ningishzida ili aongezewe maisha. Kilikuwa cha kumiminia kinywaji cha sadaka.

Nauza vinyago. Mtu amenitumia kwa simu picha za bakuli analosema ni la Wasumeri, anataka nimtafutie mnunuzi mtalii. Nitajuaje kama ni la kweli? (Mfanyabiashara, Kisumu)

Mama, likiwa bandia utakuwa umemdanganya mteja. Likiwa la kweli utakuwa na kosa kubwa zaidi. Azimio 1483 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, la Mei 2003, linazitaka nchi zote kupiga marufuku biashara ya mali ya kale iliyotolewa Iraki kinyume cha sheria tangu Agosti 1990. Usilipokee dukani, usilitunze hata kwa siku moja. Mwambie hapana, na ukiweza wapashe habari Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya.

Dalili za uongo zipo, na tunakupa ili usishawishike. Maandishi ya kikabari yaliyokatwa upya huwa na kingo kali zinazochoma kidole. Nakshi ya jiwe la kale huanza na kuishia pamoja na jiwe, lakini ya bandia wakati mwingine hupita juu ya mahali palipovunjika, jambo lisilowezekana kama chombo kilichongwa kizima. Uchafu wa kupakwa hukaa ndani ya mistari tu, ukisugua kwa pamba yenye spiriti hutoka wote. Mistari yenye upana mmoja tangu mwanzo hadi mwisho ni ya mashine. Hata hivyo, dalili hizo zote zikikosekana, haijathibitika kwamba ni la kale.

Madhara hayaishii kwenye sheria. Huko Nippur, mji mwingine wa Wasumeri, zilifukuliwa chembechembe za vyombo vya kalisaiti ambavyo mfalme Lugalzagesi alimpa mungu Enlil. Hakuna hata kimoja kilichokuwa kizima. Lakini maandishi yalikuwa yale yale juu ya vyombo vingi, na kwa kuwa vipande vilijulikana vimetoka mahali pamoja, Hermann Hilprecht, msomi wa maandishi ya kikabari, aliunganisha neno kwa neno hadi akapata maandishi marefu, yanayosema mfalme huyo alitawala kutoka bahari ya chini hadi bahari ya juu. Kila kipande kingeuzwa peke yake kwa mtalii wake, sauti hiyo isingesikika tena.

Kile chombo cha Uruk chenyewe kiling'olewa kwenye kitako chake katika makumbusho ya Baghdad mnamo Aprili 2003. Kilirudishwa Juni mwaka huo huo, vipande vipande.

Ukitaka kuuza kitu cha namna hiyo, agiza nakala Tabaka, na uandike chini ya kitako kwa mkato wa tindo: nakala, jiwe la Kisii, na mwaka. Wino hufutika.

Hapa kwetu kuna mabakuli ya mawe ya Hyrax Hill na ya pango la mto Njoro. Je, yana undugu na ya Wasumeri? (Msomaji, Njoro)

Hayana, na hayahitaji kuwa nao ili yawe ya thamani. Mary Leakey alichimba Hyrax Hill mwaka 1937 na 1938, na mwaka huo wa 1938 yeye na Louis Leakey wakachimba pango la mto Njoro. Pangoni walikuta mabaki ya watu waliochomwa, na pamoja nao mabakuli ya mawe, mawe ya kusagia na shanga za mawe. Umri wake ni miaka 3,000 hivi. Chombo cha Uruk kinayazidi kwa miaka 2,000.

Tofauti utaiona ndani ya bakuli kuliko nje. Mulika kwa taa ya simu, ukiishikilia chini pembeni ili mwanga ulale juu ya jiwe. Bakuli la wafugaji wa Bonde la Ufa ni la jiwe la volkano lililodonolewa kwa jiwe jingine, kwa hiyo utaona vishimo vidogo vingi kama uso wa chungwa, vikilainika pale lilipotumika sana. Chombo kilichotobolewa kwa mchanga kina mistari ya duara ndani, mmoja juu ya mwingine. Ni njia mbili tofauti, watu tofauti, na kila mmoja alitafuta inayofaa jiwe alilonalo. Usidhani kukosa nakshi ni kukosa ufundi: katika pango hilo hilo la Njoro kilipatikana chombo cha mti kilichogeuka mkaa, na chombo hicho kimechongwa nakshi.

Ukikuta bakuli la namna hiyo shambani, liache lilivyolala, usilioshe, wapigie watu wa makumbusho. Udongo uliogandia ndani unaweza kuwa na mabaki ya kilichosagwa humo.

Nilizawadiwa bakuli jeupe la alabasta, si la kale. Nimeliwekea maua na maji, sasa ndani limekuwa na ukungu na kukwaruza. Kosa ni nini? (Msomaji, Kakamega)

Kosa ni maji, kama bakuli lako ni la jasi. Jasi huyeyuka katika maji, gramu 2 na kidogo kwa kila lita, na ukibadilisha maji kila siku unaondoka na ngozi ya jiwe kila siku. Jaribu ukucha chini ya kitako mahali pasipoonekana. Ukikwaruza, ni jasi: lifute kwa kitambaa kikavu, vumbi la ndani ya nakshi lipigie brashi laini, na maua uyaweke kwenye glasi ndani yake. Ukungu ulioingia hautatoka kwa kuosha. Unaweza kuupunguza kwa msasa mwembamba sana, namba 600 halafu 1000, ukiwa mkavu, na barakoa usoni, kisha nta nyeupe kidogo. Ukucha usipokwaruza, ni kalisaiti, maji ya kawaida hayaidhuru upesi. Lakini hapo jihadhari na siki, ndimu na soda, na usiitumie kwa kachumbari.